Sura ya 6: Jalada Liko kwa DPP

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam na mizigo ya Kigali na Bujumbura hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo. Hapo barabara huachana. Moja hupanda kwenda Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Nyingine hukata magharibi kupitia Nyakahura, huingia Ngara, na baada ya kilomita 92 tangu Lusahunga unafika Rusumo, mpaka wa Rwanda. Kila dereva wa njia hii anajua kwamba akivuka daraja la Rusumo lazima ahame upande: huku tunaendesha kushoto, kule kulia. Wachache wanajua kwamba sheria ya jinai nayo huhama upande palepale.

Ng'ambo ya daraja, mwendesha mashtaka anaweza kumkalisha mtuhumiwa mbele ya meza yake, akamhoji mwenyewe na kuyaandika majibu. Huku kwetu Wakili wa Serikali hakupewa kazi hiyo. Hapekui nyumba, haandiki maelezo ya onyo, haandai gwaride la utambulisho. Analetewa jalada, analisoma, anaamua. Ndiyo maana ndugu wa mahabusu, kuanzia Biharamulo hadi Mtwara, wakiuliza kesi imefikia wapi hupewa jibu lilelile: jalada liko kwa DPP.

Tofauti hii imetokana na vita. Kabla ya mwaka 1914 pande zote mbili za mto zilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliteka Biharamulo na kusonga mbele hadi Tabora. Vita vilipokwisha Waingereza na Wabelgiji wakapatana, mwaka 1919, kwamba Rwanda na Burundi zibaki kwa Mbelgiji. Biharamulo na Ngara zikaangukia Tanganyika ya Mwingereza. Mbelgiji akajenga mfumo wenye asili ya Ufaransa, ambamo mwendesha mashtaka anausimamia upelelezi tangu siku ya kwanza. Mwingereza akaleta wake: polisi apeleleze, mwanasheria ashtaki, hakimu aamue. Ungechorwa mpaka ule kilomita mia moja mashariki ya hapo ulipo, mtu anayekamatwa Lusahunga leo angehojiwa na mwendesha mashtaka, na kitabu hiki kingekuwa na sura tofauti kabisa.

Swali la sura hii ni moja: katika mfumo tulioachiwa, mamlaka ya mwendesha mashtaka yanaishia wapi kabla kesi haijaanza kusikilizwa? Wanasheria wetu wakiulizwa hivyo hujibu kwa kutaja asichoruhusiwa kukigusa. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Kwa maoni yangu mpaka mkubwa unaokosekana katika sheria zetu ni wa muda. Mwendesha mashtaka wa Tanzania hapelelezi kwa mkono wake, lakini katika makosa mazito kuliko yote anaweza kumweka mtu rumande huku mwingine akipeleleza, na hakuna kalenda inayomwambia basi.

Tuanze na kile alichopewa. Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kila mtu humwita DPP, aliingizwa katika Katiba mwaka 2005 kwa marekebisho ya 14, yaliyoleta Ibara ya 59B. Ibara hiyo inampa mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai nchini. Inamtaka awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Huduma za Taifa za Mashtaka, ambayo pamoja na mambo mengine inamruhusu kuratibu upelelezi na kutoa maelekezo kwa maandishi kwa vyombo vinavyopeleleza. Februari 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kusimama peke yake.

Katika sheria hizo neno linalorudi ni kuratibu. Kupeleleza kwenyewe kuko mikononi mwa wengine: polisi kupitia Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, TAKUKURU kwa rushwa, Uhamiaji kwa wahamiaji haramu, askari wa wanyamapori kwa ujangili. Kagera vyombo hivi vyote vina kazi. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kwa miaka mingi yalikuwa maficho ya majambazi wenye bunduki. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa siku moja tu wakikimbia mauaji, na silaha kutoka vita vya majirani zilizagaa katika ukanda wote. Mabasi ya Bukoba na Kigoma yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye silaha, na msafiri wa wakati ule alijua kabisa kwamba dereva hasimami porini hata abiria aombe vipi.

Sasa tutunge mfano, tuone mpaka unapita wapi. Tuseme usiku mmoja lori limesimamishwa kwa magogo kati ya Lusahunga na Nyakahura. Dereva amepigwa, fedha na simu zimechukuliwa, bunduki imeonekana. Alfajiri polisi wanamkamata kijana mmoja. Kuanzia hapo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamwekea mpelelezi mipaka ya kila aina. (Namba za vifungu nitakazozitaja ni za toleo la 2022; toleo la marekebisho la 2023, lililoanza kutumika mwaka 2025, limezipanga upya namba nyingi, kwa hiyo msomaji mwenye kitabu kipya asishangae.)

Kifungu cha 50 kinampa polisi saa nne za kumhoji mtu aliyekamatwa. Kifungu cha 51 kinaruhusu muda huo uongezwe, si zaidi ya saa nane. Muda wa safari hauhesabiwi, na kwa wilaya yenye umbali kama Biharamulo hilo si jambo dogo: mtu aliyekamatwa porini akapelekwa mjini, saa zake zinaanza kwa hesabu nyingine. Kabla ya kuandika maelezo yake ni lazima aonywe kwamba halazimiki kusema lolote, na ana haki ya kumjulisha wakili, ndugu au rafiki. Mali ikikamatwa, hati ya ukamataji ijazwe na kusainiwa. Kidhibiti kikitoka mkono kwenda mkono, kila mkono uandikwe. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hayo katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, ambalo mpaka leo hutajwa karibu kila kidhibiti kinapobishaniwa.

Mahakama hiyohiyo imewahi kuyaondoa maelezo ya onyo kwenye kumbukumbu kwa sababu yaliandikwa nje ya zile saa nne. Shauri la Janta Joseph Komba na wenzake ni mojawapo. Baadaye majaji walilegeza kamba kiasi, wakirejea kifungu cha 169 kinachoiachia mahakama nafasi ya kupima kama kasoro imemwumiza mshtakiwa. Hata hivyo kamba ipo. Na kama dereva atadai alimtambua kijana yule gizani, kuna shauri la Waziri Amani la mwaka 1980: mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Polisi wa upelelezi wanaojua kazi yao wanalijua jina hilo kama wanavyolijua jina la mkuu wao wa kituo.

Wakili wa Serikali anaingia wapi katika haya yote? Anaingia jalada likishafunguliwa. Anaweza kulirudisha kwa mpelelezi na maelekezo: kamchukue maelezo shahidi fulani, peleka simu kwa uchunguzi, rekebisha mchoro wa eneo la tukio. Anaweza kukataa kushtaki. Anaweza kubadili shtaka kutoka unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake ni miaka 30, kuwa kosa dogo zaidi. Asichofanya ni kwenda Nyakahura mwenyewe na daftari.

Sababu ya kumzuia ni nzuri. Anayekusanya ushahidi huupenda. Mpelelezi aliyekesha siku tatu akimsaka mtu huanza kuamini kwamba amempata, na mtu wa namna hiyo hafai kuwa ndiye anayepima kama ushahidi unatosha. Kuna sababu ya pili, ya kiutendaji: wakili aliyeshuhudia upekuzi au kuandika maelezo anaweza kuitwa kizimbani kama shahidi, na hawezi kuwa shahidi na mwendesha mashtaka katika kesi ileile. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tuliuvunja mwiko huu bila haya. Katika mahakama za wilaya aliyesimama kushtaki alikuwa polisi, mara nyingi kutoka kituo kilekile kilichopeleleza. Kazi ya kuwatoa polisi kwenye mashtaka na kuwaweka mawakili wa Serikali ilichukua muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa.

Mwiko huu unakwenda pande zote mbili. Nchini Kenya, Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inampa DPP uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze tuhuma yoyote, na Inspekta Jenerali analazimika kutii. Lakini kati ya mwaka 2019 na 2022 Wakenya walitazama ofisi ya DPP Noordin Haji na ile ya mkuu wa upelelezi George Kinoti zikivutana hadharani, wapelelezi wakitaka kupeleka watu mahakamani bila kupitia kwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2020 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kazi ya polisi inaishia kwenye kupeleleza. Kushtaki ni kwa DPP. Kwetu mvutano wa hadharani namna hiyo ni nadra. Huku mambo huishia kwenye jalada kusafiri kwenda na kurudi, na anayelipia nauli ya safari hizo ni mahabusu.

Maana kijana wetu wa Lusahunga bado yuko ndani. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana. Kifungu cha 148(5) kinauweka pamoja na mauaji na uhaini. Kifungu hicho kimepiganiwa sana. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete kutoka Musoma, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikibatilisha kipande chake kimoja. Bunge likakiandika upya. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ilisema kifungu kinapingana na Katiba. Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo kimesimama.

Kilichoanguka ni jirani yake, kifungu cha 148(4), na hapa ndipo mpaka wa mwendesha mashtaka uliwekwa waziwazi kuliko mahali pengine popote. Kifungu hicho kilimruhusu DPP kuandika hati kwamba kumpa mtu dhamana kutahatarisha usalama au maslahi ya Jamhuri, na hati hiyo ikishawasilishwa hakimu hakuwa na la kusema. Karatasi moja ilimfunga mdomo hakimu. Wakili Jeremia Mtobesya aliipinga, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2015, na Mahakama ya Rufani ikaukataa ubishi wa Serikali mwaka 2018. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu hawezi kunyimwa uhuru kwa uamuzi wa mpinzani wake, pasipo kusikilizwa. Mimi naiona kuwa hukumu muhimu kuliko zote juu ya ofisi hii, na inashangaza jinsi ilivyopita kimyakimya nje ya duru za wanasheria.

Turudi kwenye kalenda, maana hapo ndipo maumivu yalipo. Kwa kesi zinazosikilizwa na mahakama za chini, sheria imejaribu. Kifungu cha 225(4) kinasema, kwa makosa mengi ukiacha machache kama ulaghai na kughushi, kwamba kesi isiahirishwe kwa zaidi ya siku 60 kwa jumla, isipokuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa alete hati yenye sababu. Hati hiyo inanunua siku 60 nyingine. Zikiisha, Wakili wa Serikali anaweza kuleta yake. Baada ya hapo DPP mwenyewe, na mwisho wa yote ni miezi 24 tangu ahirisho la kwanza. Hati isipoletwa, mahakama ama ianze kusikiliza kesi ama imwachie mshtakiwa. Mwaka 2022 likaongezwa jambo jema zaidi, kifungu cha 131A: kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika.

Msomaji makini atauliza, sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye maneno yanayofuata. Kifungu cha 131A kinayatoa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Na kalenda ya kifungu cha 225 ni ya mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kesi, ambayo mahakama ya wilaya haina katika kesi ya mauaji. Hata mwanzoni kabisa, kwenye kukamatwa, ni hivyohivyo: kifungu cha 32 kinataja saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani, lakini kwa kosa lenye adhabu ya kifo hakitaji saa yoyote, kinasema tu afikishwe mapema iwezekanavyo. Ukiyapanga pamoja unaona mchoro wa ajabu. Aliyeiba kuku ana saa, ana siku, ana hati na ana dhamana. Anayetuhumiwa kuua, ambaye hana dhamana na ndiye mwenye kupoteza zaidi, hana hata kimoja.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya asubuhi ya kesi za mauaji anajua kinachofuata. Washtakiwa wanaingia, shtaka linasomwa. Hakimu anawaambia wasijibu chochote kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi wa shauri hili bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Tarehe inatolewa. Kwa Kagera, kesi hiyo itakwenda Mahakama Kuu Bukoba siku upelelezi utakapokamilika na DPP kuamua kwamba ushahidi unatosha. Lini? Hakuna anayelazimika kusema.

Majina makubwa yamelipitia benchi hilo pia. James Rugemalira, mfanyabiashara mwenye asili ya Kagera, alifikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Juni 2017 kwa mashtaka ya uhujumu uchumi. Septemba 2021 DPP aliyaondoa, na kesi ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar, akina Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali, walikaa mahabusu Bara zaidi ya miaka 6 kwa mashtaka ya ugaidi kabla DPP hajayaondoa Juni 2021. Sina haja ya kusema kama walikuwa na hatia au hawakuwa nayo. Hakuna mahakama iliyowahi kupata nafasi ya kusema, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza mahabusu waliomweleza miaka waliyokaa. Siku chache baadaye makumi yao waliachiwa baada ya mashtaka kuondolewa. Watu walishangilia, nami naelewa kwa nini. Lakini tukio lile lilithibitisha jambo la kutisha: majalada yale yangeweza kuamuliwa wiki yoyote ya miaka yote iliyotangulia. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuuliza, na haki isiyopatikana hadi Rais apite gerezani haijafika kuwa haki.

Njia ambayo DPP hutumia kuondoa kesi, kifungu cha 91, nayo haina mpaka wa kutosha. Wakati wowote kabla ya hukumu anaweza kuiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea. Mahakama haimwulizi kwa nini. Mshtakiwa anaachiwa, lakini kwa miaka mingi kuachiwa huko hakukumzuia DPP kumshtaki tena kwa jambo lilelile, na wapo waliokamatwa tena wakiwa bado kwenye viwanja vya mahakama, ndugu zao wakiwa hawajamaliza kuwakumbatia. Kesi iliyochoka iliondolewa mlango wa mbele na kurudishwa mlango wa nyuma, na kalenda ikaanza upya. Katiba ya Kenya inamtaka DPP aombe ruhusa ya mahakama kabla ya kuondoa shtaka. Sioni sababu hata moja ya sisi kushindwa kuiga hilo.

Na wenzetu wa ng'ambo ya Rusumo? Rwanda iliunda Ofisi ya Upelelezi, RIB, kwa sheria ya mwaka 2017, ikauondoa upelelezi mikononi mwa polisi, lakini mwendesha mashtaka ameendelea kuusimamia na anaweza kuhoji. Kwa sababu ana mkono mrefu, sheria imemfungia saa mkononi: mtuhumiwa hupelekwa haraka mbele ya jaji, ambaye akikubali awekwe ndani kabla ya kesi humpa siku 30, na kila nyongeza ni lazima ipite tena mbele ya jaji na sababu. Kongo ina sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1959 yenye mantiki hiyohiyo. Mwendesha mashtaka wa parquet, yaani ofisi ya mashtaka, ya Goma au Bukavu anatoa hati ya kukamata yeye mwenyewe, lakini ndani ya siku tano amfikishe mtu mbele ya jaji. Jaji anaweza kutoa siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja.

Nisije nikaeleweka vibaya. Magereza ya Kongo yamejaa watu wasiohukumiwa, na siku tano za kwenye kitabu zinaweza kuwa miezi mitano mtaani. Sisemi tuhamie upande wao. Ninachosema ni kwamba mfumo wao umekiri wazi kuwa mwendesha mashtaka ana nguvu juu ya mwili wa mtu, ukazipima nguvu hizo kwa siku. Wetu unajifariji kwamba DPP hapelelezi, hivyo hahitaji kupimwa. Ni faraja ya uongo. Aliyepeleka shtaka la mauaji mahakamani wakati upelelezi haujakamilika ametumia rumande kama sehemu ya upelelezi, hata kama kalamu imeshikwa na polisi.

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, mwenyekiti akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ilikabidhiwa Julai mwaka huohuo. Ilisema wazi yale ambayo mahabusu walikuwa wakiyasema kwa miaka: watu hukamatwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye. Ilipendekeza chombo huru cha taifa cha upelelezi kilicho nje ya Jeshi la Polisi. Naliunga mkono pendekezo hilo, ila nina wasiwasi. Chombo kipya chenye majengo mapya na magari mapya bado kitapeleka jalada kwa DPP, na DPP bado atasimama mbele ya hakimu wa wilaya asiye na mamlaka akiomba tarehe nyingine. Rwanda iliunda RIB, lakini jaji wa siku 30 alikuwepo tayari. Sisi tukianza na jengo kabla ya siku, tutakuwa tumebadilisha jina la anayechelewa.

Bunge lina kazi ndogo kwa maandishi na kubwa kwa matokeo. Liondoe katika kifungu cha 131A yale maneno yanayoyaacha nje makosa makubwa, au kama hilo ni gumu, liweke idadi ya siku ambazo mtu anaweza kukaa mahabusu kwa kosa lisilo na dhamana kabla DPP hajaamua. Zikiisha, hakimu wa wilaya, hata asiye na mamlaka ya kusikiliza kesi, awe na mamlaka ya kumwachia kwa masharti. Limtake DPP aeleze sababu mbele ya mahakama anapotumia kifungu cha 91, na limzuie kumshtaki tena mtu yuleyule bila ushahidi mpya. Hakuna lolote kati ya haya linalomzuia kushtaki jambazi wa Nyakahura akiwa na ushahidi.

Wakati Bunge likifikiri, ndugu wa mahabusu asikae akisubiri. Kama kesi ni ya kusikilizwa na mahakama ya wilaya na siku 60 zimepita, mshtakiwa amwombe hakimu waziwazi aonyeshwe hati ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa. Isipokuwepo, anayo haki ya kuomba kesi ianze au aachiwe. Mahakimu wengi hawatalitaja wasipoombwa. Kama kesi ni ya mauaji au uhujumu uchumi, andika barua kwa DPP kupitia ofisi yake ya mkoa, utaje namba ya kesi, tarehe ya kukamatwa na idadi ya mara ilizotajwa, ukiuliza upelelezi umebakiza nini. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiipeleke kituo cha polisi. Polisi atakuambia jalada liko kwa DPP, na kwa mujibu wa sheria atakuwa anasema kweli.